Kushusha Kulungu Mlimani: Saisi, Farasi na Njia za Uskoti

Kulungu mwekundu ndiye mnyama pori mkubwa kuliko wote wa nchi kavu katika visiwa vya Uingereza. Dume wa milima ya Uskoti, akishapasuliwa na kutolewa matumbo, hubaki na uzito wa kilo 70 hadi 100 hivi, na pembe zake za matawi, ambazo hudondoka na kuota upya kila mwaka, hunasa kwenye kila jiwe na kila kichaka. Mara nyingi huangushwa kwenye mgongo wa mlima au ndani ya korongo, kilomita kadhaa kutoka barabara iliyo karibu, penye mteremko, mawe na kinamasi. Kufyatua risasi ni jambo la mara moja. Kumfikisha mnyama huyo chini akiwa bado ni nyama inayofaa kuliwa ni kazi ya saa nyingi, na kwa zaidi ya miaka 150 kazi hiyo ndiyo iliyoamua farasi gani wafugwe, njia zipite wapi na watu wa aina gani waajiriwe katika mabonde ya Nyanda za Juu za Uskoti. Vitabu vya uwindaji vina kurasa nyingi juu ya shabaha na chache mno juu ya mzigo.

Kabla ya bunduki kuenea, tatizo hili halikuwa na sura hiyo. Wafalme na wakuu wa koo waliwinda kwa msako. Mamia ya watu walitawanyika milimani kwa siku kadhaa, wakawasukuma kulungu polepole hadi bonde jembamba ambako wenye pinde, mikuki na mbwa walikuwa wakiwangoja. Mwaka 1564 Malkia Mary wa Uskoti alifanyiwa msako wa namna hiyo katika milima ya Atholl. Masimulizi yaliyobaki yanataja wasakaji wapatao 2,000, na kulungu 360 na mbwa mwitu 5 waliouawa. Katika uwindaji wa aina hiyo mnyama alijileta bondeni mwenyewe kabla ya kufa, na mikono ya kubeba ilikuwa tele. Mtu wa kawaida aliyewinda peke yake, kwa ruhusa au kwa kuiba, alimkata mnyama vipande palepale na kujitwisha alichoweza.

Karne ya 18 ilikuwa na walinzi wa kulungu walioajiriwa na wenye ardhi, nao waliijua milima kwa nyayo zao. Maarufu kuliko wote ni Donnchadh Bàn Mac an t-Saoir (1724–1812), mshairi mkubwa wa lugha ya Kigaeli ambaye hakujua kusoma wala kuandika. Aliwalinda kulungu katika eneo la Beinn Dòbhrain, na utenzi wake wa kuusifu mlima huo ni kazi ya mtu aliyepanda na kushuka kila mteremko wake.

Mabadiliko makubwa yalikuja katika karne ya 19, na hayakuanza kwa heri. Tangu mwishoni mwa karne ya 18 wenye ardhi walikuwa wamewaondoa maelfu ya wakulima wa Kigaeli mabondeni ili kupisha kondoo. Baadaye bei ya sufu iliposhuka, kondoo nao wakaondolewa kupisha kulungu, kwa kuwa matajiri wa London na wa miji ya viwanda walikuwa tayari kulipa kodi kubwa wapate kuwinda kwa majuma machache ya vuli. Kitabu cha William Scrope juu ya sanaa ya kunyatia kulungu, kilichotolewa mwaka 1838, kiliwasha hamu hiyo. Malkia Victoria na mumewe Albert waliikodi milki ya Balmoral mwaka 1848 na kuinunua mwaka 1852, na walichokifanya wao kikawa mtindo wa tabaka zima la wenye fedha. Reli ilipofika Inverness kutoka kusini, safari iliyokuwa ya siku nyingi ikawa ya siku moja na usiku wake. Kufikia mwaka 1912, ardhi iliyotengwa kwa uwindaji wa kulungu ilizidi ekari milioni 3.5, karibu moja ya tano ya Uskoti yote. Tume ya Napier ya mwaka 1883 iliwasikiliza wakulima wadogo wakilalamika kwamba kulungu hula mazao yao nao hawana ruhusa ya kuwagusa. Kazi ya kushusha kulungu ilikuwa miongoni mwa ajira chache zilizobaki katika mabonde yaliyokwisha kutolewa watu. Ustadi wa waliofanya kazi hiyo unastahili sifa, lakini sifa hiyo isifunike namna kazi yenyewe ilivyopatikana.

Uwindaji wa kunyatia ulikuwa kinyume cha msako. Mgeni mmoja mwenye bunduki, msasi mwenyeji aliyemwongoza na msaidizi mmoja au wawili walimfuata dume mmoja kutwa nzima, wakitambaa kwa matumbo kwenye maji baridi, upepo ukiwapiga usoni ili harufu yao isimfikie. Kwa hiyo mnyama alifia mahali alipopapenda yeye, yaani mbali, juu na penye upepo, na waliokuwapo walikuwa wachache.

Kazi ilianza hapohapo alipoanguka. Msasi alimchoma chini ya shingo damu itoke, kisha akampasua tumbo na kutoa utumbo wote kwa uangalifu, maana utumbo ukitoboka nyama huchafuka. Hatua hiyo ilipunguza uzito kwa kiasi kikubwa na kuufanya mwili upoe. Mwezi wa Agosti na Septemba, nzi wa kijani hutaga mayai kwenye mzoga wenye joto katika muda mfupi sana, na nyama iliyochelewa kupasuliwa huvimba na kunuka. Matumbo yaliachwa mlimani, yakaliwa na tai, kunguru na mbweha. Ikiwa mzoga ulilazimika kulala mlimani, ulifunikwa kwa matawi ya vichaka au kuachiwa kitambaa chenye harufu ya binadamu ili ndege na mbweha wauogope hadi kesho yake.

Kisha ukaja wakati wa kuburuta. Kamba ilifungwa kwenye mashina ya pembe, au shingoni kwa jike asiye na pembe, ikapitishwa kwa kitanzi kwenye taya ili kichwa kikae sawa na mwili. Miguu ya mbele ilikunjwa na kufungwa pamoja na kichwa isije ikakwama. Kulungu huburutwa kwa kichwa kutangulia, wala si kwa miguu ya nyuma, kwa sababu manyoya yake yamelala kuelekea mkiani. Akivutwa kichwa mbele huteleza juu ya majani, akivutwa kinyume manyoya husimama na kila hatua huwa mzigo mpya. Kwenye mteremko wa nyasi zilizolowa, watu wawili huweza kumshusha dume kwa kasi inayowalazimu wawe macho, maana mzoga ukishika mwendo huweza kuwapita na kuwazoa. Kwenye uwanda wa kinamasi watu haohao husogea mita chache, wakasimama kuvuta pumzi, wakasogea tena. Kuupandisha mzoga ni adhabu. Ndiyo maana msasi mzoefu, hata kabla ya kumwelekeza mgeni wake apige, hujiuliza mnyama huyo akianguka atatolewa kwa upande gani, na wako madume wengi walioachwa hai kwa sababu walisimama ng'ambo ya korongo.

Safari ya kuburuta iliishia mahali ambapo farasi angeweza kufika. Farasi wa kazi hii ni wa jamii fupi ya Nyanda za Juu, anayeitwa na wenyeji garron. Kimo chake begani hakizidi sentimita 148. Ana miguu minene, kwato ngumu, singa nyingi shingoni, na mara nyingi rangi ya kijivu au ya mchanga yenye mstari mweusi mgongoni. Farasi mrefu wa mbio angevunjika mguu kwenye miteremko hiyo katika siku yake ya kwanza. Garron hupapasa kinamasi kwa ukwato kabla ya kukikanyaga na hukataa katakata asipopaamini. Wachunga farasi wa Uskoti wamekuwa wakisema kizazi baada ya kizazi kwamba farasi akigoma kupita mahali, si busara kumchapa, kwani mara nyingi ameona shimo ambalo mtu hajaliona. Chama cha kuwasajili na kuwatunza farasi hao kiliundwa mwaka 1923, wakati ambapo matrekta na malori yalikwisha anza kuwanyang'anya kazi nyingine zote.

Kumzoesha farasi kubeba mfu si jambo jepesi. Farasi ni mnyama wa kukimbia hatari, na harufu ya damu kwake ni hatari. Farasi kijana alifuatana na mzee aliyezoea, akaonyeshwa ngozi za kulungu, akaachwa azinuse kwa muda wake, akabebeshwa kwanza jike mdogo. Siku ya kwanza ya dume kamili, saisi alimfunika macho kwa koti lake huku wenzake wakinyanyua. Wengine walihitaji siku chache tu, na wengine hawakukubali maisha yao yote.

Tandiko lake lilitengenezwa na mafundi wa ngozi kwa kazi hiyo pekee. Ni pana na zito, limejazwa vizuri lisiuminye uti wa mgongo, lina mikanda miwili ya tumboni badala ya mmoja, ukanda wa kifuani unaolizuia lisirudi nyuma wakati wa kupanda, na ukanda wa makalioni unaolizuia lisiteleze mbele wakati wa kushuka. Juu yake kuna mikanda mirefu yenye vifungo vya kumshikilia kulungu. Yako matandiko yaliyochukua majina ya mabonde yalikotumika, kama Glen Quoich, na mengine yalitandikwa zaidi ya miaka 50 kwa kupakwa mafuta na kushonwa upya. Wakati wa kupakia, farasi alisimamishwa chini ya kingo ya udongo ili watu wasimame juu yake na kupunguza kimo cha kunyanyua. Dume alilazwa katikati ya tandiko, uzito ukagawanywa pande zote mbili sawasawa, kichwa kikageuzwa na kufungwa ili ncha za pembe zisimchome farasi ubavuni. Fundo moja likilegea, mzigo hupinduka upande mmoja na farasi hushtuka, na farasi aliyeshtuka gizani juu ya korongo akiwa na kilo 100 mgongoni ni hatari kwa kila mtu. Saisi alifunga, akafungua, akafunga tena mpaka aridhike.

Huyo saisi anastahili nafasi kubwa kuliko anayopewa. Mara nyingi alikuwa kijana wa bondeni, na huenda alilipwa ujira mdogo kuliko wote katika kundi. Asubuhi aliondoka na farasi wake wakati ambapo mgeni bado alikuwa mezani, akatembea hadi mahali walipokubaliana, akakaa hapo kutwa nzima kwenye mvua na mbu wadogo wa Uskoti ambao huuma kwa maelfu. Hakuruhusiwa kusogea asije akawatimua kulungu. Alitumia darubini kutazama miteremko na kungoja ishara. Ishara ya kawaida ilikuwa moshi: wawindaji waliwasha rundo la vichaka vikavu mahali mnyama alipolala, na saisi alipouona aliongoza farasi kuufuata. Siku ya ukungu moshi hauonekani, na alibaki kubahatisha kwa sauti ya bunduki iliyopotoshwa na miamba. Kurudi kulikuwa mara nyingi usiku, kwa miguu, hatamu mkononi, kwa kuwa mgongo wa farasi ulikuwa na abiria mwingine. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na maandishi ya wageni wa enzi hiyo yanathibitisha hivyo: yanaeleza idadi ya matawi ya pembe, hali ya upepo na mlio wa risasi, kisha ghafla wamefika nyumbani na chakula kiko mezani.

Mapokezi ya Balmoral yamehifadhiwa katika picha ya mchoraji Carl Haag ya mwaka 1854, inayoonyesha madume wakiwa wamelazwa mbele ya mlango usiku, kwa mwanga wa mienge, Albert akimwonyesha Malkia mawindo yake. Mienge na wiski vilikuwa sherehe ya wenye nyumba. Waliobeba walikuwa bado na kazi ya kupima uzito, kuchuna, kuosha farasi mgongo na kuning'iniza mizoga katika chumba cha nyama, ambacho kilikuwa jengo dogo la mbao au mawe lenye mianya ya kupitisha upepo na wavu wa kuzuia nzi.

Alama kubwa zaidi ya kazi hii iko ardhini. Ili farasi wapande na wageni na kushuka na kulungu, wenye ardhi wa enzi ya Victoria waliwalipa vibarua kuchimba njia nyembamba zinazopinda-pinda kwenye miteremko. Mwinuko wake ulipimwa ili farasi mwenye mzigo asichoke wala asiteleze, kingo zilijengwa kwa mawe, na mifereji ilichimbwa kukatiza maji. Nyingi hazielekei kileleni. Hupanda hadi ukingo wa bonde la juu ambako kulungu hulisha, kisha hukoma. Hugh Munro alipochapisha mwaka 1891 orodha yake ya milima ya Uskoti inayozidi futi 3,000, njia hizo zilikuwa zimekwisha kujengwa, na mamia ya maelfu ya watu wanaopanda milima hiyo leo kwa burudani hutembea juu yake. Zimedumu kuliko njia nyingi zilizotokea baadaye kwa nyayo za watu tu, kwa sababu zilijengwa na watu waliofikiria uzito.

Visiwani na kando ya maziwa marefu, mashua iliingia katika safari. Mzoga uliburutwa hadi ufukweni, ukapakiwa, na farasi wakaokolewa na kilomita nyingi za kuzunguka. Kisiwa cha Rum kilikuwa na farasi wake mashuhuri wa kubeba kulungu. George Bullough, mrithi wa utajiri wa mashine za kiwanda cha nguo, alijenga huko kasri la Kinloch kati ya mwaka 1897 na 1900 kwa ajili ya majuma machache ya uwindaji kila mwaka. Shirika la serikali la hifadhi ya mazingira lilikinunua kisiwa hicho mwaka 1957, na farasi waliendelea na kazi yao chini ya mwajiri mpya, safari hii katika kisiwa ambacho utafiti wa maisha ya kulungu wekundu umefanywa kwa mfululizo mrefu kuliko karibu mahali popote duniani.

Vita viliwachukua watu na farasi pamoja. Mwaka 1900 Lord Lovat aliunda kikosi cha wasasi na wasaidizi wa mawindo kutoka Nyanda za Juu kwa ajili ya vita vya Makaburu huko Afrika Kusini, kwa kuwa walijua darubini, kujificha na kukaa na farasi porini. Vita viwili vya dunia vilivyofuata vilimaliza vijana katika mabonde mengi, na baada ya 1945 nyumba kubwa hazikuweza tena kuajiri kundi la watu kwa kila bunduki.

Mashine zilijaza pengo hilo. Land Rover, iliyoanza kuuzwa mwaka 1948, ilifika mwisho wa barabara za mabondeni na kufupisha safari ya farasi. Magari ya minyororo yaliyobaki vitani yalijaribiwa hapa na pale. Lakini chombo kilichobadilisha kila kitu kilitoka Canada: Argocat, gari dogo la magurudumu 6, baadaye 8, lililotolewa mwaka 1967, lenye matairi mapana yenye upepo mdogo, linaloweza kupita kinamasi na hata kuelea majini. Katika miaka ya 1970 na 1980 lilienea Nyanda za Juu zote, likifuatiwa na pikipiki za magurudumu manne. Msasi mmoja mwenye gari hilo na redio ya mkononi aliweza kushusha kulungu watano alasiri moja bila saisi, bila farasi wa kulishwa majira yote ya baridi, bila moshi. Kwa majike, ambao kisheria huwindwa kuanzia tarehe 21 Oktoba hadi 15 Februari, wakati theluji imeshuka na jua la Desemba hutua kabla ya saa 10 jioni, nafuu hiyo ilikuwa kubwa mno. Hakuna haki ya kuwalaumu walioipokea.

Gharama yake ilionekana polepole. Zaidi ya moja ya tano ya Uskoti imefunikwa na udongo mweusi wa kinamasi uliojengeka kwa maelfu ya miaka kutokana na mimea iliyooza nusu, na udongo huo umehifadhi kaboni nyingi. Gari likipita mara moja huacha alama inayofutika. Likipita njia ileile msimu baada ya msimu, mimea hufa, udongo hubaki uchi, maji hupata mfereji, na mfereji hugeuka korongo. Njia ya farasi ni ya upana wa hatua mbili. Njia ya gari hupanuka kila dereva anapokwepa tope la mwenzake. Tangu mwaka 2012 serikali ya Uskoti imekuwa ikigharimia urejeshaji wa ardhi ya aina hiyo, kuziba mifereji na kupanda upya mimea yake, na baadhi ya madoa yanayotibiwa yako katika milki zilezile za uwindaji.

Sheria nayo iliifikia kazi hii. Sheria ya Kulungu ya mwaka 1959 ilileta misimu rasmi ya kuwinda kulungu wekundu na tume ya kusimamia idadi yao. Kanuni za usafi wa chakula za Umoja wa Ulaya, zilizoanza kutumika mwaka 2006, zilidai kila mzoga unaouzwa ukaguliwe na mtu aliyefunzwa, na nyama ipozwe hadi nyuzi 7 au chini. Chumba cha mbao chenye mianya kikawa chumba cha vigae, chuma cha pua na jokofu. Kanuni hizo ziliongeza haraka ya kushusha, na haraka hiyo ikawa hoja nyingine ya kupendelea injini.

Hata hivyo farasi hawakutoweka. Huko Balmoral bado wanafugwa, wanazalishwa na wanabeba madume kila vuli, na milki nyingine kadhaa zimewabakiza au kuwarudisha, baadhi kwa kupenda desturi, baadhi kwa kuilinda ardhi. Katika miteremko ambayo gari haliwezi kufika, kuna wanaotumia slaidi za plastiki, winchi au kubeba vipande mgongoni kama wawindaji wa zamani, na mara chache helikopta. Operesheni ya Glen Feshie mwaka 2004, ambapo helikopta ilitumika kupunguza kulungu kwa wingi, ilizua mabishano makali miongoni mwa wasasi wenyewe.

Mabishano hayo hayajaisha, kwa sababu kulungu wa Uskoti, wa spishi zote, sasa wanakadiriwa kukaribia milioni moja, nao huzuia miche ya misitu isikue. Tarehe 21 Oktoba 2023 msimu wa kuwapumzisha madume ulifutwa kisheria ili wawindwe mwaka mzima. Sheria hiyo iliongeza siku za kupiga, ila haikuongeza hata mtu mmoja wa kushusha. Katika mabonde ambako nyumba za wafanyakazi zimeuzwa kwa wageni wa likizo na vijana wamehamia mijini, upungufu huo wa watu ndio utakaoamua idadi ya kulungu watakaotolewa mlimani kila mwaka, na kwenye udongo laini wa Nyanda za Juu garron aliyefunzwa vizuri bado anaifanya kazi hiyo kwa hasara ndogo kuliko chombo chochote kilichobuniwa kumrithi.